Oksijeni Mbili Zilizojificha: Kampaundi Isiyojulikana Hupataje Jina?

Vidonge vya dawa mseto, vile vya njano anavyopewa mgonjwa wa malaria zahanati, vina artemetha ndani yake, na artemetha hutengenezwa kwa artemisinini, kampaundi itokayo kwenye majani ya artemisia. Mwishoni mwa mwaka 1972 artemisinini haikuwa na jina la kikemia wala mchoro. Ilikuwa fuwele nyeupe ndani ya chupa ya maabara mjini Beijing, na kikubwa kilichojulikana juu yake ni kwamba iliua vimelea vya malaria kwenye damu ya panya. Wakemia wa China walihitaji miaka 3 kusema kwa uhakika kitu hicho ni nini. Msomaji wa leo ana jibu la haraka: mashine za wakati ule zilikuwa duni, na sasa kazi hiyo ingekwisha kabla ya chai ya saa nne. Jibu hilo silikubali. Ukiufuatilia utafiti ule hatua kwa hatua utaona kwamba mashine zilisema kweli tangu mwanzo. Kilichochelewa ni swali, na swali lilipoulizwa hatimaye, lilijibiwa kwa kitendanishi ambacho hata shule ya sekondari inakimudu.

Kazi yenyewe ilizaliwa vitani. Mei 23, 1967 serikali ya China ilianzisha mpango wa siri uliopewa jina kutokana na tarehe hiyo, Mradi 523, ili kutafuta dawa mpya ya malaria. Klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa, na askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakiugua porini. Mwaka 1969 Tu Youyou alikabidhiwa kuongoza kikundi cha watafiti mjini Beijing. Artemisia ilijaribiwa, ikaleta matumaini, kisha matokeo yakawa ya kupanda na kushuka. Tu akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, ambaye aliagiza majani yalowekwe majini na kukamuliwa, bila kutaja kuyachemsha. Akashuku kwamba joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa, akaanza kutumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi. Halafu ikaja hatua ambayo wasimulizi wengi huiruka: kioevu kilichopatikana kilitenganishwa kwa alkali. Vitu vyenye tabia ya asidi vilihamia kwenye maji ya alkali, vingine vikabaki kwenye etha. Sehemu ya asidi ilikuwa na sumu na haikutibu chochote. Ile iliyobaki, sampuli namba 191, iliwasafisha panya vimelea vyote Oktoba 4, 1971. Kwa hiyo kabla ya mashine yoyote kuwashwa, jambo moja lilikwishajulikana kwa kutikisa chupa tu: kinachotafutwa si asidi, na familia nzima ya kampaundi imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa.  

Fuwele zilipopatikana Novemba 1972, ziliyeyuka kwenye nyuzi 156 hadi 157. Kiwango chembamba namna hiyo ni habari njema kwa mkemia, maana kitu kilichochanganyika na uchafu huyeyuka polepole, kwenye nyuzi nyingi. Uchunguzi wa elementi ulionyesha kaboni, hidrojeni na oksijeni. Nitrojeni haikuwemo, na hilo lilishangaza: kwinini ina nitrojeni, klorokwini ina nitrojeni, na wengi walitarajia dawa mpya ya malaria ifuate ukoo huo. Ikaja zamu ya spektrometa ya tungamo, mashine inayoivunja molekuli na kuvipima vipande vyake. Ikatoa uzito wa molekuli: 282. Hapa ndipo mtu asiyezoea kazi hii hudhani mambo yamekwisha, na hapa ndipo kesi inapoanza. Asidi ya oleiki, iliyojaa kwenye mafuta ya kupikia ya mawese na alizeti, nayo ina uzito wa 282. Kampaundi nyingine zenye uzito huo hazihesabiki kwa vidole. Zinapotofautiana ni kwenye tarakimu baada ya nukta: asidi ya oleiki ni 282.256, ilhali fuwele za Beijing zilikuwa karibu na 282.147. Mashine ya usahihi mkubwa iliiona tofauti hiyo, na kanuni pekee iliyokubaliana na namba hiyo na uchunguzi wa elementi ilikuwa kaboni 15, hidrojeni 22, oksijeni 5.

Kanuni ya namna hiyo inasema mengi kwa anayejua kuihoji. Mnyororo mnyoofu wa kaboni 15 ungebeba hidrojeni 32. Hapa zipo 22. Zinapungua 10, na kila jozi inayokosekana humaanisha ama pete moja ama kiungo maradufu kimoja. Ziko jozi 5. Spektra ya infraredi, inayoonyesha jinsi viungo kati ya atomi vinavyotikisika, ilikuwa na kilele kikali kwenye 1745, mahali pa kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kiungo maradufu ndani ya laktoni, yaani esta iliyojifunga kuwa pete. Hiyo ni jozi moja. Dalili ya viungo maradufu kati ya kaboni na kaboni haikuonekana, wala ya kundi la alkoholi. Basi jozi 4 zilizobaki ni pete 4, yaani molekuli iliyojikunja na kufungamana sana. Kipimo cha NMR, kinachosikiliza viini vya atomi ndani ya sumaku yenye nguvu, kiliongeza mengine: makundi 3 ya methaili, 2 kati yake yakiwa na hidrojeni moja ya jirani na 1 likiwa halina jirani, na hidrojeni moja ya ajabu karibu na 5.9, nayo haina jirani, mahali panapoashiria kaboni iliyobanwa na oksijeni pande mbili. Huo ni ushahidi mzuri, na haukuwa na kosa. Lakini hesabu ya oksijeni ilikataa kufungwa. Laktoni ilikwishachukua 2. Zilibaki 3, na mbili kati ya hizo hazikuonekana kuwa alkoholi, wala asidi, wala ketoni. Zilikuwemo kwenye molekuli bila kujitambulisha.

Ni kweli kwamba mtu akiitazama leo spektra ile ile ya infraredi ataonyeshwa vilele kwenye 831, 881 na 1115 na kuambiwa kwamba ndivyo vilivyoitaja siri. Huo ni ujanja wa kusoma swali ukiwa na majibu mkononi. Eneo hilo la spektra limejaa vilele vya kila aina, kiasi kwamba wakemia hulitumia kulinganisha kampaundi nzima na nyingine inayojulikana, na mara chache hulitumia kutambua kundi moja la atomi. Kilele kilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kukiamini.

Sababu ilikuja mwaka 1975, kutoka mmea mwingine. Kwenye mkutano wa Mradi 523, mkemia Yu Dequan alieleza muundo wa yingzhaosu A, dawa ya malaria iliyotolewa kwenye mizizi ya Artabotrys, nayo ilikuwa peroksaidi, yaani ilikuwa na oksijeni mbili zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Habari zikafika kwa wakemia wa Shanghai waliokuwa wakihangaika na fuwele za artemisia. Hawakuwa wameliwazia hilo kwa uzito, na mtu hawezi kuwalaumu. Peroksaidi zina sifa mbaya: huoza, hulipuka, hazivumilii joto. Nani angedhani kwamba fuwele inayotulia hadi nyuzi 156 imebeba kiungo dhaifu namna hiyo? Kuhakikisha, hata hivyo, kulikuwa rahisi mno. Unachukua chembe ya fuwele, unaiyeyusha, unatia asidi kidogo na chumvi ya ayodaidi isiyo na rangi. Kama kuna peroksaidi, inainyang'anya ayodaidi elektroni na kuigeuza ayodini, na kioevu kinaanza kuwa na rangi ya kahawia. Tone la maji ya wanga linakigeuza bluu iliyokolea, rangi ile ile anayoiona mwanafunzi anapodondoshea ayodini kwenye kipande cha muhogo. Rangi ilitokea. Kisha ikatumika trifenilifosfini, kitendanishi kinachovuta oksijeni moja kutoka kila peroksaidi, na kiasi kilichotumika kilionyesha peroksaidi moja kwa kila molekuli. Oksijeni mbili zilizojificha zilikuwa zimeshikana mikono.

Pingamizi la kwanza nalijua, na lina uzito. Muundo kamili wa artemisinini haukutolewa na tone la wanga. Ulitolewa na eksirei zilizopitishwa kwenye fuwele, mjini Beijing, mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1975. Mtu anaweza kusema kwamba majaribio ya testityubu yalikuwa mapambo, kwa kuwa eksirei zingefika huko hata hivyo. Huenda zingefika. Lakini tuangalie eksirei zilijibu nini na ziliacha nini. Zilionyesha kila atomi imekaa wapi ikilinganishwa na nyenzake. Hazikusema mara moja kama molekuli ni ya mkono wa kulia au ni taswira yake ya kwenye kioo, na suala hilo lilihitaji uchambuzi zaidi baadaye. Wala hazikusema ni sehemu gani ya molekuli inayoua vimelea, na hilo ndilo alilotaka kujua daktari. Jibu lilitoka tena kwenye kemia ya chupa. Artemisinini ilipopitishiwa hidrojeni mbele ya paladiamu, ilipoteza oksijeni moja tu, ikawa na uzito wa 266 badala ya 282. Pete zake zilikuwepo, laktoni yake ilikuwepo, ila peroksaidi ilikuwa imevunjika, na vimelea havikufa tena. Kwa upande mwingine, ilipotiwa sodiamu borohaidraidi, laktoni ilibadilika na kupata kundi la alkoholi huku peroksaidi ikisalimika, na kampaundi mpya, dihidroartemisinini, ikatibu kuliko ya kwanza. Kutoka kwenye alkoholi hiyo ndiko zilikotoka artemetha na artesuneti. Picha ya eksirei peke yake isingemwambia mtu ni sehemu gani aiguse na ipi aiache. Na mwaka 1983 wakemia wa kampuni ya dawa ya Roche walipoijenga molekuli hiyo kwa mikono, kiungo baada ya kiungo, mchoro ulipata shahidi mwingine ambaye hakutegemea yeyote kati ya waliotangulia.

Pingamizi la pili ni la kisasa. Siku hizi kuna vifaa vya kushika mkononi vinavyomulika kidonge kwa leza na kutaja jina lake kwenye skrini kwa sekunde chache. Maabara kubwa zina maktaba za kompyuta zenye spektra kwa maelfu kwa maelfu. Kwa nini basi tuhangaike na vitendanishi? Nadhani hapa mambo mawili yanachanganywa, kutambua kinachojulikana na kutambua kisichojulikana. Maktaba hulinganisha spektra iliyo mbele yake na zilizomo ndani yake, kisha hutaja iliyo karibu zaidi. Daima kuna iliyo karibu zaidi, hata pale ambapo kitu chenyewe hakimo kabisa. Kama fuwele za Beijing zingeingizwa kwenye maktaba ya mwaka 1972, kompyuta ingetaja laktoni nyingine ya mimea, kwa alama nzuri tu, na pengine faili lingefungwa. Asilimia inayotokea kwenye skrini hupima mfanano, na mfanano una tabia ya kuonekana kama uthibitisho machoni pa mtu mwenye haraka. Kidonge chenye dawa mbili, au chenye dawa kidogo ndani ya wanga mwingi, huongeza utata, kwa sababu spektra moja inabeba sauti za wote kwa pamoja.

Nisieleweke kwamba nawapigia debe wazee wa testityubu dhidi ya mashine. Kipimo cha kikemia nacho hudanganywa, tena kwa urahisi. Mwaka 2008 nchini China watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 wakafa kwa maziwa ya unga yaliyotiwa melamini. Wakaguzi walikuwa wakipima protini kwa njia ya Kjeldahl, ya mwaka 1883, ambayo kwa kweli hupima nitrojeni na kudhani kwamba yote imetoka kwenye protini. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni nitrojeni. Walioongeza maji kwenye maziwa walijua kipimo kinauliza nini, wakakilisha jibu. Hali kama hiyo iliikumba artesuneti Kusini Mashariki mwa Asia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta asilimia 38 ya sampuli zilizonunuliwa madukani hazina artesuneti yoyote. Wataalamu walikuwa wamebuni kipimo chepesi: kidonge kinatiwa alkali, kisha rangi iitwayo Fast Red TR, na artesuneti halisi hugeuka njano. Baadaye vikapatikana vidonge bandia vyenye artesuneti kiduchu, pungufu sana ya miligramu 50 zilizoandikwa kwenye pakiti, kiasi kinachotosha kuleta rangi na kisichotosha kutibu mtu. Vimelea vinavyoonja dawa kiduchu namna hiyo hupata nafasi ya kujifunza usugu. Anayeghushi hushinda pale anapojua kwamba atahojiwa na kipimo kimoja, kiwe cha leza au cha rangi.

Hapo ndipo gharama inapoingia, na ni pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine: nchi isiyo na fedha ya mashine moja ya NMR itapata wapi mashahidi wengi? Jibu liko kwenye mpangilio. Wakfu wa Kijerumani wa Global Pharma Health Fund ulitengeneza Minilab, maabara inayoingia kwenye masanduku, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoipeleka kwenye vituo vya ukaguzi mapema miaka ya 2000. Ndani yake hakuna maajabu. Mkaguzi anakisoma kidonge kwa macho, anakitia majini kuona kama kitamumunyuka kwa wakati, kisha anaweka matone yake kwenye bamba lililopakwa silika, sambamba na matone ya dawa halali, na kulisimamisha kwenye kimiminika. Kimiminika kinapanda, dawa zinapanda nacho, kila moja kwa mwendo wake, na chini ya taa ya urujuanimno madoa yanaonekana. Doa lililosimama mahali pasipo pake limejitaja kuwa si lenyewe; doa hafifu linasema dawa ni pungufu. Vingi vinavyopita havihitaji zaidi. Vinavyoshindwa, na vichache vya kushtukiza kati ya vilivyopita, ndivyo vinavyopelekwa kwenye maabara kuu yenye mashine za bei kubwa. Kipimo rahisi hakimtaji mhusika. Kinapunguza washukiwa hadi mashine iwe na muda wa kuwahoji waliobaki.

Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaotaka mitihani ya vitendo ya kemia iachane na vioevu visivyojulikana. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hupewa kioevu, akakichoma kwenye kijiko cha chuma, akatia maji ya bromini, akatia manganeti ya potasiamu yenye asidi, akaangalia kama magadi ya kuokea yatatoa povu. Zambarau ya manganeti ikipotea, mwongozo unamtaka aandike kwamba kuna kiungo maradufu au alkoholi, na bromini ikikataa kupauka, afute cha kwanza. Hatakiwi kutaja jina la kioevu. Walimu wengine huona hilo kuwa upungufu wa mtihani, na mimi naona ndilo lililo bora ndani yake: kijana wa miaka 17 analazimishwa kuandika kile tu ambacho ushahidi wake umekithibitisha, na kutenganisha alichokiona na anachokidhania. Wapo waliotoka vyuoni na shahada ambao wanalishindwa hilo wakishaona asilimia kwenye skrini.

Mahali ambapo hoja hii, kwamba kipimo kimoja hakitoshi, imeandikwa kuwa kanuni ni kwenye gliserini, ule utamu mzito wa dawa za kikohozi. Daiethilini glaikoli hufanana nayo kwa macho na kwa ulimi, ni rahisi zaidi, na huua figo. Iliua zaidi ya watu 100 Marekani mwaka 1937, watoto wa Haiti katikati ya miaka ya 1990, watu wa Panama mwaka 2006, na Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza tahadhari juu ya dawa za maji zilizohusishwa na vifo vya watoto 66 nchini Gambia. Pipa la gliserini lenye glaikoli kidogo linaweza kutoa spektra ya infraredi ya gliserini safi, kwa sababu molekuli hizo mbili zina viungo vya aina zile zile na iliyo nyingi huizima iliyo chache. Baada ya Panama, kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani kilibadilishwa. Kipimo cha glaikoli kwa kromatografia ya gesi, chenye kikomo cha asilimia 0.10, kilikuwa kinahesabiwa kuwa cha kutafuta uchafu. Mwaka 2009 kiliwekwa kwenye sehemu ya utambulisho, pembeni ya infraredi. Tangu hapo kiwanda kinachofuata kitabu hicho hakiruhusiwi kuyaita yaliyomo kwenye pipa gliserini, hata infraredi ikikubali, mpaka kipimo cha pili kionyeshe kwamba glaikoli haijapita kikomo.